Sange, Mtoto wa Mzee Mtetemo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nani?
— Sema wewe, sisi masikio tumeshayafungua!
— Basi pakawa na mwenye tumbo na mwenye pua. Wa mbele mnanisikia?
— Tunakusikia!
— Wa nyuma je?
— Wanasinzia, watikise!

Haya, watikiseni, maana hapa hatulali.

Mwenye tumbo alikuwa Kiboko. Mwenye pua alikuwa Sange. Sange mnamjua? Kanyama kadogo kama panya, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza huku na huku, nusa nusa, nusa nusa. Ukimwona unacheka. Na huyu Sange wetu alikuwa wa kike, mtoto mmoja tu kwa mama yake. Baba yake alikuwa mfagia vijia. Kila asubuhi aliondoa majani makavu njiani, faga faga, faga faga, ili wadogo wenzake wapite wakienda kunywa maji. Siku moja ya kiangazi Tembo alikuwa anakimbilia chemchemi bila kutazama chini. Pu! Baba Sange akaishia hapo. Tembo mpaka leo hajui.

Sasa, juu ya Mwamba Mkubwa palikuwa na chuo kikuu. Kikuu kwelikweli! Kiliitwa Mwambani. Aliyesoma Mwambani alitoka na cheo. Huyu msimamizi wa malisho, yule mlinzi wa kivuko, yule mkaguzi wa vivuli. Wanyama waliambiana, "Mpeleke mtoto Mwambani. Anaingia mdogo, anatoka mkubwa."

Na waliokuwa wakiingia ni nani? Watoto wa Tembo. Watoto wa Kifaru. Watoto wa Nyati. Watoto wa Simba. Hao walikuwa wakubwa tangu hawajaingia, lakini nani wa kusema?

Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Tumbo lake lilitangulia, yeye akafuata. Nyuma ya chuo alikuwa na bwawa lake mwenyewe, refu, pana, haliguswi na mtu. Maji ya chemchemi yaliteremka kwanza kwenye bwawa la Kiboko, yakajaa pomoni. Kisha wakubwa wakanywa, wakaoga, wakajigaragaza. Yaliyobaki ndiyo ya wadogo. Yaliyobaki yalikuwa tope. Pimbi alikunywa tope. Kindi alikunywa tope. Mama Sange alikunywa tope, akakohoa, kho kho kho, akasema, "Alhamdulillahi, angalau ni baridi."

Wadogo wakaanza kunung'unika. "Mbona Mwambani hatumwoni mtoto wetu hata mmoja?"

Kiboko akasikia. Akapanda juu ya jiwe, akafungua mdomo, ng'aaa! "Wananchi! Chuo hiki ni cha wote! Kuanzia sasa, kila msimu tutachukua mtoto wa wadogo."

Wadogo wakashangilia. Vigelegele! Kweli, msimu wa kwanza akachukuliwa Nungunungu. Msimu uliofuata akachukuliwa Sange.

Mama yake alimsindikiza mpaka chini ya mwamba. Hakuwa na cha kumpa, akamlamba masikio tu. "Nenda mwanangu. Ukawe mtu. Ukipata cheo, utukumbuke na maji."

"Nitawakumbuka, mama."

Basi Sange akasoma. Akasoma kupanda kwa mawingu, akasoma njia za maji, akasoma sheria za malisho. Wenzake walilala darasani. Mtoto wa Kiboko, aliyeitwa Kibonge, alilala mpaka akakoroma, khrrr, khrrr, na mwalimu akafundisha kwa kunong'ona asije akamwamsha. Sange hakulala. Mtihani ulipokuja, Sange akawa wa kwanza. Kibonge akawa wa mwisho, ila baba yake alisema wa mwisho ndiye anayelinda wenzake kwa nyuma, na wote wakapiga makofi.

Kila wageni walipofika Mwambani, Sange aliitwa.

"Sange! Njoo usimame hapa mbele. Mmemwona? Huyu ni mtoto wa mnyonge kabisa! Baba yake alifagia vijia! Na anasoma na watoto wetu! Sange, tikisa pua."

Sange akatikisa pua. Wageni wakasema, "Ooo!" Wageni wakala, wakanywa, wakaondoka. Sange akarudi darasani akiwa ameona aibu, maana hakuitwa kwa alichojua. Aliitwa kwa pua.

Siku ya kuhitimu ikafika. Wote wakavishwa taji la majani. Taji la Kibonge na taji la Sange yalikuwa sawasawa, majani ya mti mmoja. Sange akajisemea, "Haya, sasa tumelingana."

Wamelingana? Subirini.

Ikatoka kazi ya usimamizi wa malisho. Sange akaenda kwenye usaili. Wasaili walikuwa Kiboko, Kifaru na Tembo, wameketi kwenye kivuli. Mbele yake aliingia mtoto wa Kifaru.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa huyo hapo," akasema, akimwonyesha Kifaru.

"Ahaa! Mama hajambo? Keti, keti. Kazi ni yako."

Akaingia Sange.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mfagia Vijia."

"Aa. Haya, asante. Tutakuita."

Sange akaenda kungoja kuitwa. Akangoja, akangoja, akangoja. Hakuitwa.

Ikatoka kazi ya ulinzi wa kivuko. Sange akaenda tena. Mbele yake aliingia mtoto wa Tembo.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Tembo."

"Ahaa! Umekua! Keti, keti. Kazi ni yako."

Akaingia Sange. Safari hii hakungoja swali. Akasema, "Waheshimiwa, shikamooni. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, najua kivuko kina kina gani, najua mamba wanalala wapi."

"Vizuri sana," akasema Kiboko. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mfagia Vijia."

"Aa. Haya, asante. Tutakuita."

Hakuitwa.

Sange akatoka na taji lake limenyauka kichwani. Njiani akamkuta Nungunungu, yule aliyemtangulia Mwambani. Nungunungu alikuwa ametoka kwa Simba, amechoka, miiba yake imechafuka nyama.

"Kaka Nungunungu! Shikamoo. Wewe ulipata kazi gani?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nachokonoa wakubwa meno. Wanasema nina vifaa vyangu mwenyewe, na nina elimu, kwa hiyo nachokonoa vizuri."

"Nawe ulivaa taji?"

"Nililivaa. Mbuzi mwitu alilila." Akamtazama Sange kwa huruma. "Dada, usijisumbue. Mwambani wanafundisha mambo mengi, lakini kule kwenye kivuli wanauliza swali moja tu, na jibu lake hawafundishi."

Sange akafika nyumbani. Akamkuta mama yake amelala, midomo imekauka kau, pembeni yake kuna kijitope kwenye kifuu. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Pimbi wazee walikuwa wamehamia milimani, wengine hawakufika. Mama akajitahidi kuinuka. "Umeitwa, mwanangu?"

"Bado, mama."

Akatoka nje haraka mama asimwone akilia. Hasira ikampanda mpaka miguuni. Na kina sange wakikasirika, wakiogopa, wanafanyaje? Wanapiga miguu chini. Ti-ti-ti-ti-ti! Ti-ti-ti-ti-ti! Akapiga, akapiga, majani yakaruka.

Mara Nungunungu akatoka mbio shimoni kwake, udongo umemjaa kichwani. "Jamani, kuna nini? Ardhi inatetemeka!"

"Ni mimi tu, kaka."

"Wewe? Huko chini nilidhani kuna jitu linapita!"

Sange akasimamisha miguu. Pua yake ikaanza kucheza. Nusa nusa. Nusa nusa.

"Kaka Nungunungu," akasema, "jitu lenyewe ulidhani kubwa kiasi gani?"

Haya sasa, wa nyuma mmeamka?

— Tumeamka!

Ikatoka kazi kubwa kuliko zote. Mgawa Maji! Mgawa Maji ndiye anayesimama kwenye chemchemi na kusema nani anywe kwanza, nani anywe baadaye, na maji yaelekee wapi. Kiboko aliitaka kwa ajili ya Kibonge. Alishamwambia, "Mwanangu, ukikaa pale, maji yote yateremke kwetu. Wengine watajijua." Kibonge akajibu, "Khrrr."

Siku ya usaili, Kibonge akaingia kwanza.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza Kiboko, huku anatabasamu.

"Wako, baba."

"Ahaa! Keti, keti. Kazi ni..."

"Hodi!" Sange akaingia. Hakuinama. Alitembea polepole, kidevu juu, kama anayetembelea nyumba ya kupangisha ya baba yake.

Kiboko akaguna. "Wewe tena? Haya, tumalize. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo Sange akasita. Moyo ulimuuma, msifikiri haukumuuma. Alimkumbuka baba yake na vijia vyake. Akasema kimoyomoyo, "Nisamehe, baba." Kisha akafungua mdomo.

"Mimi ni mtoto wa Mzee Mtetemo."

Alipolitaja jina hilo, chini ya ardhi, ti-ti-ti-ti-ti! Kina sange wote, panya wote, fuko wote walikuwa wamejipanga mashimoni chini ya kivuli kile, wakapiga miguu kwa pamoja. Mawe yakacheza. Tumbo la Kiboko likacheza. Kibonge akaamka.

Wasaili wakatazamana. Kifaru akasafisha koo. "Mtetemo... Mtetemo wa..."

"Wa chini," akasema Sange.

"Ahaa! Mtetemo wa chini!" Kifaru akapumua. "Nilitaka kuhakikisha tu."

"Mtetemo!" akasema Tembo, asije akaonekana hajui wakubwa wenzake. "Nani asiyemjua! Juzi tu tulikuwa pamoja."

Kiboko akaona anaachwa nyuma. "Mimi nilisoma naye," akasema. "Darasa moja, hapa hapa Mwambani. Alikuwa anakaa mbele."

"Mbele kabisa," akasema Kifaru.

"Baba anakusalimuni," akasema Sange.

Ti-ti-ti-ti-ti!

"Marahaba! Yaani, shikamoo yake! Yaani, mwambie tunamwamkia!" Kiboko jasho lilimtoka. "Binti yangu, mbona ulikuwa hutuambii? Siku zile ulisema wa Mfagia sijui nini."

"Baba hapendi nijivune," akasema Sange. "Anasema mtoto apate kazi kwa elimu yake."

"Ndiyo alivyo! Ndiyo alivyo Mtetemo!" wakasema wote watatu. "Keti, binti, keti. Kazi ni yako."

Na Kibonge? Kibonge akaambiwa ataitwa.

Basi Sange akawa Mgawa Maji. Siku ya kwanza akasimama juu ya jiwe la chemchemi, akasema, "Watakunywa kwanza wenye matumbo madogo, maana wanashiba upesi." Pimbi akanywa. Kindi akanywa. Mama Sange akaletwa amebebwa, akanywa, akanywa, akashusha pumzi. Wakubwa wakanung'unika, lakini Tembo akawaambia, "Shh! Ni binti wa Mtetemo."

Lakini bwawa la Kiboko bado lilikuwa palepale, linameza maji usiku na mchana, na chemchemi ilizidi kupungua. Sange akalitazama bwawa lile. Pua ikacheza.

Kiboko naye alikuwa na lake. Mwenye tumbo halali bila kuwaza. Siku moja akaja kwenye chemchemi, anachekacheka.

"Binti yangu Sange. Mzee huko chini, maji anayo?"

"Maji? Baba ana bwawa ambalo hata halina ng'ambo. Halikauki. Liko kwenye giza, jua litalikausha vipi?"

Kiboko akameza mate, gudu! "Halina ng'ambo! Na anaogelea na nani?"

"Peke yake. Anatafuta mwenzake wa kuogelea naye. Mwenye umbo."

"Umbo!" Kiboko akajitazama. "Binti, nipeleke! Mimi na baba yako tumesoma wote!"

"Ningekupeleka sasa hivi," akasema Sange, "ila baba hapokei mgeni mwenye bwawa. Anasema kwa nini amkaribishe mtu ambaye kwake kumejaa?"

Kiboko akawaza. Bwawa lake lilikuwa kubwa, ndiyo, lakini lilikuwa na ng'ambo. Kila akiogelea anagonga ng'ambo. Lile la chini halina ng'ambo. Akapanda juu ya jiwe, akafungua mdomo, ng'aaa! "Wananchi! Bwawa langu nimewapa! Si langu tena, ni la wote, wakubwa kwa wadogo!"

Wanyama wakapigwa na butwaa. Halafu vigelegele. Wengine wakalia.

"Umesikia, binti?" akanong'ona Kiboko. "Haya, mlango uko wapi?"

Sange akampeleka mpaka penye kichuguu kikubwa, kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mchimbaji. Shimo lilikuwa pana kwa muhanga. Kwa Kiboko lilikuwa, mnajua wenyewe.

"Ni hapo. Ingiza kichwa kwanza, ndiyo adabu."

Kiboko akaingiza kichwa. Akaingiza mabega kwa nguvu. Akasukuma tumbo, sukuma, sukuma, nywii! Akakwama. Mbele haendi, nyuma harudi. Nje kilibaki kimkia, kinapepea pepe pepe.

"Binti! Pamebana!"

"Baba yuko karibu, mwamkie!"

Ti-ti-ti-ti-ti! Udongo ukamdondokea Kiboko machoni. Na kutoka upande wa pili wa shimo, Nungunungu, mchokonoa meno, akasafisha koo lake. Ndani ya shimo sauti ikavuma, vuuu, kama pango linaongea.

"NANI HUYO?"

"Shikamoo, Mzee Mtetemo! Ni mimi Kiboko!"

"WEWE NI MTOTO WA NANI?"

"Mtoto wa Kiboko! Kiboko wa Kiboko! Na babu yangu pia Kiboko! Wote wakubwa, Mzee, wote wamesoma!"

Nungunungu alikuwa ameshika mdomo asicheke. Halafu sauti ikatoka, taratibu, kwa upole kabisa:

"AA. HAYA, ASANTE. TUTAKUITA."

Kiboko akakaa mle shimoni akingoja. Akangoja, akangoja, akangoja. Jioni Tembo akapita na kuona kimkia. Akakishika kwa mkonga, akavuta, vuta, vuta, po! Kiboko akatoka amejaa udongo mpaka masikioni.

"Mkuu! Ulikuwa unafanya nini humo?"

Sasa aseme nini? Aseme amedanganywa na sange? Aseme Mtetemo hayupo, na yeye alisema amesoma naye? Na Tembo alisema juzi walikuwa pamoja? Kiboko akajipangusa.

"Nilikuwa kwa Mzee Mtetemo," akasema. "Tumezungumza sana."

"Ahaa. Hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa."

Tembo akatikisa kichwa. "Hata juzi nilimwambia apunguze."

Kiboko akarudi kwenye bwawa lake. Akawakuta swala wanakunywa, pimbi wanaogelea, vitoto vya nguchiro vinarukia majini, chubwi! chubwi! Akafungua mdomo awafukuze. Akaukumbuka ule mtetemo. Akaufunga mdomo. Akajibanza kwenye kona na mwanawe Kibonge, na Kibonge akasema, "Khrrr."

Na chuo cha Mwambani? Chuo kilistawi! Wageni walipokuja, Kiboko alisimama mbele yao. "Sisi tunainua wanyonge! Mnamwona Mgawa Maji pale? Ametoka hapa! Tulimlea sisi, tukamfundisha sisi, tukampa kazi kwa elimu yake." Wageni wakasema, "Ooo!" wakala, wakanywa, wakaondoka. Nungunungu alichukuliwa na Sange awe msaidizi wake kwenye chemchemi. Simba akabaki na nyama kwenye meno.

Mama Sange akapona, akaanza kwenda kuchota maji mwenyewe. Siku ya kwanza alishangaa. Mke wa Tembo akampisha njia. Mke wa Kifaru akamwamkia kwa magoti.

"Shikamoo, mama. Mzee Mtetemo hajambo?"

Mama Sange akageuka nyuma kutazama wanasema na nani. Nyuma hapakuwa na mtu. Akamtazama binti yake juu ya jiwe. Binti anatazama mawingu, pua inachezacheza. Mama akaelewa kidogo, na kile asichokielewa akakisogeza pembeni.

"Hajambo," akasema. "Ila yule mwanamume, jamani! Nyumbani halali. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona."

"Ndivyo walivyo wakubwa," wakasema wake wote, wakaguna kwa huruma, wakambebea mtungi wake mpaka nyumbani.

Ngano yangu naitua hapa. Begani ilikuwa inaniumiza. Na funzo lake, watoto, ni hili: msiseme uongo, hata kidogo. Someni kwa bidii, mkavae mataji, maana kwenye kivuli cha wakubwa hakuna anayeulizwa baba yake ni nani. Wanaangalia elimu tu. Anayebisha akamuulize Kiboko, amesoma.

— Aliyecheka?
— Amelipa!
— Aliyesinzia?
— Tutamwita!